Madoa ya Jua na Kina cha Ziwa Viktoria

Mvua ya Amalemba mjini Kakamega, ambayo aghalabu hutanguliwa na ngurumo baada ya adhuhuri na kuacha mitaro ikienda maji mekundu kwa udongo, haikai huko; huteremkia mto Isiukhu, ikaingia Nzoia, na hatimaye ikamiminika katika Ziwa Viktoria, ambalo kina chake kimekuwa kikitiwa daftarini tangu mwaka 1896. Ni katika daftari hizo ndimo C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alimoona jambo la ajabu akalitangaza mwaka 1923: kila jua lilipozidi madoa, kama mwaka 1906 na 1917, ziwa nalo lilifura.

Wala dhana hiyo, kwamba madoa ya jua huenda pamoja na kina cha ziwa, haikuwa ya upuuzi, kwani madoa yenyewe yana chanzo chake na majira yake. Uso wa jua ni mfano wa chungu cha uji kisichoepuliwa dahari zote: gesi ya moto hupanda, hupoa juu, kisha huzama kandokando, na punje moja ya mchemko huo, yenye upana wa kilomita 1,000 hivi, ingeifunika nchi yote toka Mombasa hadi Amalemba na kusaza, ilhali umri wake ni dakika 10 au 20 tu. Pamoja na punje hizo ipo mikondo mipana zaidi, ya kilomita 30,000 hivi, idumuyo kama siku nzima, ambayo mtafiti Avril Hart wa Oxford aliidhukuru mwaka 1954. Tena jua halizunguki kwa mwendo mmoja; kiuno chake humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, na ncha zake huchukua zaidi ya 30, hata nguvu zake za sumaku zikavutwa, zikasokotwa, zikachomoza usoni kuwa madoa, ambayo huzidi na kupungua kwa takriban miaka 11.

Lakini baada ya Brooks ule mwafaka wa madoa na kina cha ziwa ulilegea. Mwishoni mwa 1961 zikaja mvua ambazo wazee wa magharibi ya Kenya hawakuzisahau, na kufikia Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, mwaka uleule jua lilipokuwa karibu halina doa. Sababu kubwa ya mvua zile ilikuwa Bahari ya Hindi, iliyopata joto upande wa pwani yetu na kupoa upande wa Sumatra. Kwa hiyo nawastahi mno wale makarani wasiotajwa majina waliosoma ubao wa kipimo majini siku baada ya siku, maana bila wao dhana ile isingezaliwa, wala isingepata wa kuihakiki.

Mei 2020 ziwa lilipita hata kile kilele cha 1964, na watu wa Budalang'i, ambako Nzoia huingia ziwani, wakayahama makazi yao. Na jua wakati huo lilikuwa ndiyo kwanza limetoka katika utulivu wake wa madoa machache wa Desemba 2019.