Carwyn James: kocha aliyeshinda All Blacks lakini hakupewa ekipe ya inchi yake

Katika rugbi, ekipe ya Nyuzilandi, ile inaitwa All Blacks, njo inaogopwa sana duniani. Carwyn James aliweza kuishinda na ekipe mbili mbalimbali: Lions mwaka wa 1971, na klabu ya Llanelli mwaka wa 1972. Lakini ekipe ya inchi yake, Wales, hakuifundisha hata siku moja.

Mutoto wa muchimba makaa

James alizaliwa tarehe 2 Novemba 1929 katika kijiji cha Cefneithin, kusini ya Wales, inchi ndogo ile Wafaransa wanaita Pays de Galles. Baba yake alikuwa anachimba makaa ya mawe. Luga ya nyumbani ilikuwa Kiwelisi, na James aliisoma mpaka chuo kikuu cha Aberystwyth. Alipotumika katika jeshi la majini alijifunza Kirusi. Kisha akawa mwalimu.

Kiwanjani alicheza namba 10, muchezaji anayepokea mupira na kuamua haraka: kukimbia nao, kuupiga teke ao kumupa mwenzake. Lakini miaka ile namba hiyo ilikuwa ya Cliff Morgan, mumoja wa wachezaji wakubwa wa Wales. James alichezea inchi yake mechi mbili tu, zote mwaka wa 1958.

Nyuzilandi, 1971

Lions ni ekipe ya wachezaji wanaochaguliwa kutoka Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Mwaka wa 1971 James njo alipewa kuifundisha. Walicheza mechi 24 kule Nyuzilandi, wakapoteza moja tu. Mbele ya All Blacks walishinda mechi mbili, wakapoteza moja, na ya mwisho ikaisha 14-14. Mpaka leo hakuna Lions wengine waliorudi kutoka Nyuzilandi na ushindi kama huo.

James hakuwa kocha wa kupiga kelele. Aliuliza wachezaji mawazo yao na kuwaachia uhuru wa kuamua. Juu yeye mwenyewe alikuwa muchezaji wa nyuma, kazi ya wale wa mbele, wenye kusukumana, aliitayarisha pamoja na Ray McLoughlin, muchezaji wa Ireland. Namba 10 wake, Barry John, alikuwa mutoto wa Cefneithin kama yeye.

Llanelli

Tarehe 31 Oktoba 1972 All Blacks walifika kwenye kiwanja cha Stradey Park, nyumbani kwa Llanelli, klabu ile James alikuwa anafundisha. Llanelli ikashinda 9-3.

Kwenye kiwanja hicho hicho, mwaka wa 1970, James alikuwa ameonyesha jambo lingine. Ekipe ya Afrika Kusini ilikuja kucheza, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Alitayarisha wachezaji wake, lakini mechi yenyewe hakuiangalia. Alibaki katika chumba cha kuvalia, kupinga ubaguzi ule.

Nani anachagua wachezaji?

Mwaka wa 1974 Wales ilikuwa inatafuta kocha mupya. Watu wengi waliona kazi ni ya James. Shida ilikuwa moja: wachezaji wa Wales walichaguliwa na komite ya watu watano. James aliomba kocha njo aongoze uchaguzi huo, juu haiwezekani mutu aulizwe matokeo ya ekipe ile wengine wamemuchagulia. Wakubwa wa rugbi hawakukubali kuachia nguvu yao, na hawakupatana.

Kazi ilienda kwa John Dawes, aliyekuwa kapiteni wa Lions wa 1971. Na Wales haikuanguka: mwaka wa 1976 na wa 1978 ilishinda mechi zake zote za mashindano ya Mataifa Matano. Njo maana komite haikuona sababu ya kujuta.

James alienda Italia mwaka wa 1977 kufundisha Rovigo, na mwaka wa 1979 klabu hiyo ikawa bingwa wa inchi. Alifanya pia kazi ya magazeti na redio. Alikufa Amsterdam Januari 1983, akiwa na miaka 53.

Leo kocha wa Wales anachagua wachezaji wake mwenyewe. Ni kile James aliomba mwaka wa 1974.