mkongo: uko, upo au umo?

mkongo *nm* mi- [u-/i-] kebo yenye nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha data kwa njia ya mwanga. Huitwa pia *faiba* [i-/zi-]. Lisichanganywe na *Mkongo* wa- [a-/wa-], mtu wa Kongo: mikongo hutandazwa, Wakongo hukaribishwa.

Matumizi. Neno hili lilizoeleka katika habari hasa kuanzia 2009, kebo ya SEACOM ilipowasili Dar es Salaam na Mombasa kupitia baharini. Tangu hapo husemwa kwamba mkongo "umefika" wilaya fulani, na kauli hiyo huwa ya kweli. Lakini *-fika* hakielezi kebo ilipoishia, nayo kebo kuu ipitayo kando ya barabara haiwashi taa hata moja ya kifaa cha nyumbani.

Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, na hapa vinafaa kuliko kitenzi chochote:

*Mkongo uko Tabata.* Uko mahali fulani katika eneo hilo, pasipobainishwa. Ramani za kampuni zilizopakwa rangi kwa kawaida hazisemi zaidi ya hili.

*Mkongo upo hapa.* Upo mahali mahususi, mathalani katika kisanduku cha kugawia kilichofungwa kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba.

*Mkongo umo.* Umeingia ndani ya jengo.

Tofauti hii si ya darasani tu. Dalali akisema "mkongo upo" ilhali alistahili kusema "uko", mpangaji anayefanya kazi kwa intaneti aweza kulipa kodi ya miezi sita, kisha akagundua kwamba kebo imeishia ng'ambo ya barabara. Heri amwombe amwonyeshe kisanduku.

Swali kwa kampuni nalo lisiwe "Je, mna huduma Tabata?" Litajibiwa "ndiyo", na jibu halitakuwa uongo. Liwe: "Je, nyumba namba fulani, mtaa fulani, inaweza kuunganishwa, na lini?" Nchini Tanzania, vibao vya anwani za makazi vilivyoenea kuelekea sensa ya 2022 vimerahisisha swali hili, pasipo na kibao, taja shule au msikiti wa jirani, kisha uombe fundi aje kukagua.

Huduma ya jirani ni dalili njema, wala si uthibitisho. Kisanduku hugawa uzi mmoja kwa nyumba chache, mara nyingi 8 au 16, na kikijaa, atakayefuata husubiri. Kwa hiyo uliza pia: "Kisanduku kina nafasi?" Katika jengo la ghorofa, ridhaa ya mwenye nyumba huhitajika kabla ya ukuta kutobolewa.

Angalizo. *-patikana* ni kauli ya kutendeka: huduma "inapatikana" maana yake yawezekana kuipata, bila kutaja siku wala gharama ya kuivuta kebo hadi ndani. Sikiliza pia kiambishi cha wakati. "Itapatikana hivi karibuni" ni sentensi sahihi kisarufi, ila isitiwe sahihi ya mkataba wa pango kwa ajili yake.

Taz. pia: *faiba, kebo, -unganisha*.