"Usugu", Wala Si "Upinzani"

Nimesubiri kupita kiasi cha adabu, nikitaraji kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja, itaizika yenyewe ibara yake "upinzani wa insulini", inayosomeka kana kwamba insulini imesajili chama na kugombea viti, ilhali katika kisukari cha aina ya pili insulini haimpingi mtu, bali yenyewe ndiyo isiyoitikiwa na misuli, na ini, na mafuta ya mwili, hata sukari ikasalia damuni.

Mimi nasema usugu. Sugu, kama ijulikanavyo, ni ngozi ngumu iotayo kisiginoni mwa mwenda pekupeku na katika kipaji cha mwenye kukithirisha sijida. Nalo ni neno la jamaa moja na kusugua, yaani jambo lisilozuka ghafla, bali hufanyika kwa kukaririwa. Tena sugu haihisi. Insulini yenyewe imepewa jina kutokana na insula, kisiwa kwa Kilatini, kwa ajili ya vile visiwa vya kongosho alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869. Na tabibu Himsworth wa London, alipowabainisha wagonjwa wa kisukari mwaka 1936, aligawa baina ya wanaoihisi insulini na wasioihisi, wala katika majina ya mgawo huo hakutaja upinzani.

Hasimu yangu mmoja, mwenye shahada ndefu kuliko hoja zake, ateta kwamba usugu umekwisha kupewa vimelea visivyokufa kwa dawa, naye apendekeza "ukaidi". Ukaidi huhitaji nia. Paja la mtu lina nia gani? Hayo niliyaandika kwa kamati, na jawabu sijaliona.

Lakini hoja yangu kubwa imo katika mazoezi. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kwa njia nyingine isiyoingoja insulini, na baada ya kupumzika husalia ukiihisi insulini vyema zaidi kwa siku nzima au mbili, kisha athari hiyo hufifia. Upinzani hushindwa, sugu hulainika, na isipotunzwa hurejea.

Ama matumizi: dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi, na kunyanyua vizito mara mbili au tatu, naye atumiaye vidonge vya glibenklamaidi au sindano ya insulini apime sukari kwanza, isije ikashuka mno, na achukue kitu kitamu mfukoni.