Sauti ya Pua katika Nyimbo za Katanga

Kila mmoja wetu aliyeongoza korali katika parokia analijua neno hili: "Usiimbie puani!" Tulilisema sisi wenyewe, tena mbele ya mama wazee wanaojua kuimba kutupita. Neno hilo lilitoka wapi?

Mwaka 1903 Papa Pio X aliandika ya kuwa wimbo wa Gregori ndio mfano wa juu wa muziki wa Kanisa. Wabenediktini wa Katanga waliimba namna hiyo: sauti nyepesi, laini, wote kama mtu mmoja. Katika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, Dom Anschaire Lamoral alifundisha watoto waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Walisifiwa, na ni haki. Lakini sisi tuliozoea sauti ile tulianza kuona sauti ya mzee wa kijiji kuwa ni kosa.

Tuangalie jambo lenyewe. Nyuma ya kaakaa kuna nyama laini. Ikipanda inafunga njia ya pua. Ikishuka, pumzi inapita puani. Imba "a", kisha bana pua yako kwa vidole. Kama sauti inabadilika, pumzi ilikuwa inapita puani. Kama haibadiliki, ule ukali unatoka kooni, mahali panapobanwa juu kidogo ya nyuzi za sauti. Basi wengi tuliowakemea hawakuimbia puani hata kidogo! Na ukali huo una kazi: sauti inapita juu ya ngoma bila mwimbaji kupiga kelele. Mwenye kuanzisha wimbo katika matanga, kule Kenya ao Katuba, sherti koo lake lifike mpaka asubuhi.

Tena kuna madimba ya Waluba. Chini ya kila ubao fundi anafunga kibuyu, anakitoboa, na juu ya tundu anabandika ngozi nyembamba sana ili mlio uvume kama nyuki. Hakuna aliyemlazimisha, anataka mlio huo. Watu wanaopenda mbao zivume hivyo, namna gani wakatae koo linalovuma?

Joseph Kiwele, aliyekufa mwaka 1961, alitunga Missa Katanga. Kule Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na Troubadours du Roi Baudouin waliimba Missa Luba pasipo noti za kuandikwa. Sanctus yake ilifuata wimbo wa kuagana. Mwaka 1963 Mtaguso, katika namba 119 ya Konstitusyo juu ya Liturjia, uliagiza muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe, na wamisionari wafundishwe kuukuza katika masomo na katika ibada.

Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Ngoma na madimba yaliingia kanisani. Koo la mama mzee, tunaona, mara nyingi bado linangoja mlangoni. Hatusemi Exsultet iimbwe kama wimbo wa matanga, kila wimbo una koo lake. Lakini mwenzetu anayeongoza korali, kabla ya kumkemea mtu Jumapili, ambane pua kwanza, asikilize.