Tetemeko Lizaalo Tetemeko

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ikiisha kutetemeka kwa nguvu, hatari imekwisha, na waliosalia waweza kulala salama. Habari za Uturuki zatuonyesha ya kuwa sivyo.

Kaskazini mwa nchi ile upo ufa mkubwa ardhini, utokao mashariki hata magharibi, urefu wake zaidi ya maili 700. Nchi iliyo kusini ya ufa husogea kwenda magharibi polepole, kama upana wa kidole kila mwaka. Lakini miamba ya pande mbili hushikana isiteleze. Basi nguvu hujikusanya miaka mingi, hata siku moja miamba hushindwa na kuachana ghafula. Hilo ndilo tetemeko.

Nguvu ile haiishi yote. Tufikiri watu waliochukua gogo zito mabegani. Mmoja akiliachilia, yeye amepumzika, lakini uzito wawaelemea walio karibu naye, na yule aliyekwisha kuchoka huanguka wa pili. Ndivyo ulivyo ufa: kipande kilichopasuka hupumzika, na vipande vilivyo kwenye ncha zake huongezewa mzigo.

Usiku wa 27 Desemba 1939, wakati wa theluji na baridi kali, ufa ulipasuka penye mji wa Erzincan kwa urefu wa maili 200 na zaidi. Watu wapata 33,000 walikufa. Desemba 1942 kikapasuka kipande cha magharibi yake, penye Niksar na Erbaa. Novemba 1943 ikawa zamu ya Tosya, na Februari 1944 Bolu na Gerede. Yakafuata ya 1957 na 1967, nayo mbele zaidi upande wa magharibi.

Mwaka 1997 wataalamu watatu, Ross Stein, Aykut Barka na James Dieterich, waliuhesabu mzigo huo, wakautaja mji wa Izmit kuwa mahali pa kuogopwa. Siku hawakuweza kuitaja; walisema tu hatari ni kama 12 katika 100 kwa muda wa miaka 30. Tetemeko likaja 17 Agosti 1999, likaua watu zaidi ya 17,000. Baada ya siku 87 likapigwa Düzce, mji ulio mashariki ya Izmit, maana mzigo huenda kwenye ncha zote mbili.

Tena mzigo huweza kuvuka na kuuelemea ufa mwingine kabisa. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10 alfajiri, kusini mwa Uturuki palitetemeka. Saa 7 mchana wa siku ile ile ukapasuka ufa wa jirani, maili 60 hivi kaskazini, nguvu zake karibu sawa na za kwanza. Nyumba zilizokwisha kulegea alfajiri zikaanguka mchana. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na wengi wao katika Antakya, ndiyo ile Antiokia tuijuayo katika Matendo ya Mitume.

Sasa wataalamu wanautazama Istanbul. Magharibi yake ufa ulipasuka 1912, mashariki yake 1999. Katikati, chini ya Bahari ya Marmara, kimebaki kipande kisichopata tetemeko kubwa la namna hiyo tangu karne ya 18. Mji una watu zaidi ya milioni 15. Nyumba dhaifu zinabomolewa na kujengwa upya, lakini zilizobaki bado ni nyingi.