Vyombo Vinavyopita Vizazi: Historia ya Kinu, Cherehani na Pasi ya Mkaa Kilosa na Mikumi

Kinu cha mti mgumu, cherehani ya miguu, pasi ya mkaa na taa ya chemli ni vyombo vya nyumbani ambavyo, vikitunzwa, hufanya kazi miaka 50 na zaidi. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mji wa Kilosa hadi mji mdogo wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, vyombo hivi viliingia majumbani kwa awamu. Kila awamu ilifuata njia yake ya usafiri na chanzo chake cha fedha: misafara ya wapagazi, reli, mashamba ya mkonge, kisha maduka ya serikali. Historia hiyo inaonyesha pia kwa nini baadhi ya vyombo vilidumu na vingine vikafa mapema. Vilivyodumu ni vile ambavyo fundi wa mtaani aliweza kuvifungua, kuvitengeneza na kuvifunga tena.

Kabla ya reli

Vyombo vya zamani zaidi ni vya mti na udongo. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wenyeji wa milima na mabonde ya wilaya hii, waliishi karibu na misitu ya miombo yenye miti kama mninga, mkongo na mpingo. Kinu huchongwa kutoka gogo moja. Fundi huchagua moyo wa mti, sehemu iliyokomaa ambayo wadudu hawaili kwa urahisi, akachimba tundu kwa tezo na patasi. Kisha kinu huachwa kikauke kivulini, polepole, kwa sababu jua kali hukausha nje kabla ya ndani na mti hupasuka. Kikishakauka hakina kiungo, msumari wala gundi, hivyo hakina mahali pa kuachia. Kinachochakaa kwanza ni mchi, nao hubadilishwa. Kinu chenyewe hufa pale tu kitako kinapotoboka kwa mapigo ya miaka mingi, au kikiachwa kwenye ardhi yenye unyevu na mchwa.

Kwa makabila hayo, ukoo hufuata upande wa mama, na vyombo vya jikoni vilihesabiwa kuwa mali ya mwanamke. Kinu kizuri kilitoka kwa mama kwenda kwa binti, na pamoja nacho masharti ya utunzaji: kisilale nje wakati wa masika, kisikaliwe, kisiachwe na mabaki ya unga. Mashine za kukoboa na kusaga zilipoenea, kinu kilipumzishwa kwa mahindi na mpunga, lakini kisamvu na karanga bado vinatwangwa.

Bidhaa za kutoka mbali zilikuwepo pia. Misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Tabora ilipita bonde la Mto Mkondoa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Lakini mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kwa hiyo kilichosafiri ni kile kilichofungika na kubebeka: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Mashine ya chuma haikuwa na njia ya kufika ndani ya nyumba ya mkulima.

Reli na mkonge

Njia hiyo ilifunguliwa na Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikawa kituo ambacho mizigo mizito ingeweza kushushwa. Wakati huohuo mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ulienea katika mashamba makubwa ya Kimamba, Rudewa na maeneo ya jirani, huku wakulima wadogo wakilima pamba. Mshahara wa mkonge na malipo ya pamba viliweka fedha taslimu mikononi mwa watu, na maduka yaliyofunguliwa karibu na stesheni, mengi ya wafanyabiashara wenye asili ya India, yaliuza taa, masufuria, pasi, baiskeli na cherehani.

Taa ya chemli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia nyumba ya kawaida. Kampuni ya Dietz ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1840, na ile ya Feuerhand ya Ujerumani zilieneza duniani aina moja ya taa: tangi la mafuta chini, utambi, kioo, na mabomba mawili ya pembeni yanayoshusha hewa hadi kwenye mwali ili upepo usiuzime. Sehemu zinazoharibika ni utambi na kioo tu, na zote mbili zilipatikana dukani. Tangi likipata kutu na kuvuja, fundi bati aliliziba kwa risasi na taa ikarudi kazini.

Pasi ya mkaa ni rahisi zaidi kueleweka: sanduku la chuma kizito, mfuniko wenye bawaba, mpini wa mti, na kitasa ambacho mara nyingi kina umbo la jogoo. Matundu ya pembeni huingiza hewa, na mpigaji pasi akiipeperusha kidogo, makaa huwaka. Mwanzo ilikuwa chombo cha watumishi wa serikali, walimu, makarani wa reli na madobi. Lakini pia ilikuwa na faida ya kiafya, kwa kuwa joto lake huua mayai ambayo nzi wa aina ya tumbu hutaga kwenye nguo zinazoanikwa zikiwa na unyevu, mayai yanayotoa funza wa kuingia kwenye ngozi. Pasi hiyo haina waya wa kuungua. Mpini ukiungua, seremala huchonga mwingine.

Cherehani

Kati ya vyombo vyote vilivyoshuka stesheni, kilichobadilisha maisha zaidi ni cherehani. Isaac Merritt Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na kiwanda kikubwa cha kampuni hiyo huko Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa miaka ya 1880, kilifanya kazi hadi mwaka 1980. Kutoka huko na kwingineko cherehani zilisambaa katika makoloni ya Afrika Mashariki. Namba iliyopigwa kwenye kitako cha kila Singer huonyesha kiwanda na kipindi ilipotengenezwa, hivyo mwenye mashine ya urithi anaweza kujua umri wake hata kama maua ya rangi ya dhahabu yamefutika kwa kuguswa.

Nguvu ya mashine hii iko katika mambo mawili. Kwanza, mwili wake ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na vyuma vinavyosuguana ndani yake ni vya pua ngumu. Haitumii umeme, kanyagio huzungusha gurudumu kubwa la chini, na mkanda wa ngozi hupeleka mzunguko juu. Pili, muundo wa Singer wa daraja la 15 ulinakiliwa na viwanda vya Japani na China baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Matokeo yake ni kwamba sindano na bobini zinazouzwa leo kwa ajili ya cherehani ya Kichina zinaweza kuingia kwenye Singer ya zamani ya daraja hilohilo.

Utunzaji wake unaonekana vizuri barazani kwa fundi. Asubuhi, kabla ya kushona, hudondosha mafuta mepesi tone mojamoja katika matundu yaliyo juu ya mashine, huikanyaga bila uzi ili mafuta yaenee, kisha huifuta na kipande cha nguo. Hufungua skrubu za bamba la chini ya sindano, akatoa vumbi la pamba lililojisokota na mafuta na kuwa kama blanketi dogo. Mkanda ukilegea, haununui mwingine: huukata kipande, hutoboa tundu jipya na kuunganisha ncha kwa kikwasi cha waya. Kazi yote haichukui robo saa, na bila hiyo hata chuma bora hukwama.

Maduka ya serikali na miaka ya uhaba

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, biashara kubwa ilihamia mikononi mwa mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 maduka ya kampuni za biashara za mikoa, RTC, yakawa chanzo kikuu cha vyombo. Upande wa Mikumi, tawi la reli kutoka Kilosa lilikuwa limeshafika Kidatu kufikia katikati ya miaka ya 1960. Hapo Kidatu ndipo ilipopita TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi huo ililipwa kwa njia maalumu: Tanzania na Zambia ziliuza bidhaa za China katika maduka yao, na mapato yakalipia kazi. Hivyo ndivyo bidhaa za Kichina zilivyojaa rafu za maduka ya umma. Cherehani za Butterfly na baiskeli za Phoenix, zote za Shanghai, zikawa majina ya kawaida nchini, pamoja na chupa za chai na mabakuli ya bati yenye maua.

Redio ilienea kipindi hichohicho. Kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza redio na betri za National, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kukinga malaria. Redio za wakati huo zilikuwa na waya na vipande vilivyoonekana kwa macho, kwa hiyo fundi mwenye chuma cha kulehemu na risasi aliweza kutafuta kipande kibovu na kukibadilisha.

Kisha ukaja uhaba. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupungua kwa fedha za kigeni viliacha maduka matupu. Mkonge nao ulikuwa umeporomoka: Tanzania, iliyozalisha tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ilipoteza soko kwa kamba za nailoni na plastiki. Hadi serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, sabuni, nguo na betri zilipatikana kwa foleni. Katika miaka hiyo kutupa cherehani au sufuria lililotoboka hakukuwezekana. Sufuria lilizibwa, betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo, na baiskeli moja ilitoa vipuri kwa nyingine. Sehemu kubwa ya vyombo vikongwe vilivyopo leo vilivuka kipindi hicho kwa mikono ya mafundi.

Mafuriko, umeme na bidhaa mpya

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu sehemu za Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi. Maji ya namna hiyo ni mtihani wa vyombo. Redio na magodoro hayapati nafuu baada ya kujaa tope. Kinu huoshwa na kukaushwa kivulini, na cherehani ya chuma ikifunguliwa, ikasafishwa na kutiwa mafuta kabla kutu haijakomaa, hushona tena.

Umeme umebadilisha mpangilio wa nyumba. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204, hakiko mbali na Mikumi, lakini vijiji vingi vya eneo hilo viliendelea na chemli kwa miongo kadhaa. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007 nyaya zimesogea, na taa za sola zimeingia pasipo na nguzo. Chemli imestaafu katika nyumba nyingi, na hilo ni jema kwa macho na mapafu ya watoto. Pasi ya mkaa bado hutolewa umeme unapokatika.

Bidhaa zilizofuata soko huria ni za bei nafuu, lakini nyingi zimefungwa kwa gundi au ribiti badala ya skrubu, na kipande kimoja kikifa chombo chote hufa nacho. Jambo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikubaliana huko Geneva kwamba balbu zao zisidumu zaidi ya saa 1,000, ilhali katika kituo cha zimamoto cha Livermore, California, kuna balbu inayowaka tangu mwaka 1901. Kwa kutambua hasara hiyo, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka watengenezaji wa baadhi ya vifaa vya nyumbani kuvikarabati kwa bei ya haki.

Kilosa na Mikumi zimekuwa na utaratibu huo tangu zamani, bila sheria, kwa sababu mafundi walikuwepo. Hatari ya sasa ni mafundi hao kuzeeka bila wanagenzi. Chuo cha VETA Mikumi na vyuo vingine vya ufundi stadi vinaweza kuupa ukarabati wa cherehani, pasi na vifaa vya umeme nafasi ileile inayopewa utengenezaji wa vitu vipya. Familia nazo zina sehemu yao: cherehani iliyokwama ipelekwe kwa fundi kabla ya kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na mtoto anayerithi chombo afundishwe kukitia mafuta siku ileile anayokabidhiwa.