Katuni Jukwaani: Charlie Brown kutoka Gazetini hadi Shuleni

Ndugu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, sisi tunaofundisha tamthilia tumezoea kuanza na kazi za watunzi wenye sifa, zilizogawanywa katika matendo na maonyesho. Safari hii tunaomba ruhusa tuchepuke kidogo, tuutazame mchezo uliotoka mahali ambapo wengi wetu tusingetazamia: ukurasa wa katuni katika gazeti. Nchini Marekani, michezo ya nyimbo iliyojengwa juu ya katuni si kitu kigeni katika shule za sekondari. Wavulana na wasichana wa miaka 15 hadi 18 hupanda jukwaani mbele ya wazazi wao, huyu kavaa shati la manjano lenye mstari mweusi wa kupindapinda, yule kavaa masikio ya mbwa. Mwalimu mwenzetu alitushika siku moja akatuuliza iwapo jambo hilo ni elimu au ni mzaha mtupu unaowapotezea vijana wakati. Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa njia ya historia.

Tuanze na mvulana mmoja. Charles M. Schulz alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Minneapolis, akakulia St. Paul, jimbo la Minnesota, ambako baba yake alikuwa kinyozi. Alikuwa mwenye haya nyingi, na kipawa alichokitegemea kilikuwa kuchora. Alipokuwa akimaliza masomo ya sekondari alitoa michoro yake ili ichapwe katika kitabu cha kumbukumbu cha shule. Kitabu kilipotoka, michoro haikuwamo. Hata alipokuwa mzee mwenye mali na jina, Schulz aliendelea kulisimulia jambo hilo. Kumbe moyo wa mwanafunzi husahau hesabu upesi, lakini hausahau kukataliwa.

Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Pili, Schulz alipata kazi katika chuo kimoja cha Minneapolis kilichofundisha uchoraji kwa njia ya posta. Kazi yake ilikuwa kusahihisha michoro ya wanafunzi ambao hakuwaona kwa macho. Huko aliazima jina la mfanyakazi mwenzake, Charlie Brown, akampa mtoto aliyemchora. Tarehe 2 Oktoba 1950 katuni yake ilianza kuchapwa katika magazeti 7. Kampuni iliyoisambaza iliipa jina la Peanuts, yaani karanga, jina ambalo mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Aliichora kwa mkono wake muda wa karibu miaka 50. Alifariki tarehe 12 Februari 2000, na kesho yake katuni yake ya mwisho ya Jumapili ikatoka. Wakati huo ilikuwa ikichapwa katika magazeti zaidi ya 2,000 duniani.

Ni kitu gani kilichokuwa katika visanduku vile vidogo? Walikuwamo watoto peke yao, bila mtu mzima hata mmoja. Charlie Brown ni mtoto anayeshindwa. Tiara yake hunaswa mtini, timu yake ya besiboli hufungwa, na msichana mwenye nywele nyekundu anayempenda hana habari naye. Lucy, msichana mwenye ulimi mkali, amefungua kibanda anachouzia ushauri kwa senti 5. Ndugu yake Linus hubeba blanketi kila aendako, na huku akiwa na blanketi lake mkononi hunena maneno ya hekima. Schroeder humhusudu Beethoven na kupiga piano ya mtoto. Mbwa Snoopy hulala juu ya paa la kibanda chake, akijiona rubani wa vita. Hakuna kisa kirefu. Kila siku visanduku vinne, maneno machache, na mwishoni kicheko chenye machungu ndani yake.

Wazo la kuitoa katuni gazetini na kuipandisha jukwaani halikuanza na Schulz. Mwaka 1908, New York iliona mchezo wa nyimbo uliotokana na katuni ya Winsor McCay juu ya Nemo, mtoto anayesafiri katika ndoto kila usiku. Muziki wake ulitungwa na Victor Herbert, mtunzi maarufu wa zama hizo. Fedha nyingi zilimwagwa katika mapambo na mitambo, maana waliouandaa walidhani kwamba ndoto haziwezi kuonyeshwa ila kwa gharama. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kuchezwa na shule yoyote.

Nusu karne baadaye, mwezi Novemba 1956, ukafuata mchezo wa Li'l Abner, uliotokana na katuni ambayo Al Capp aliianza mwaka 1934. Katuni hiyo ilihusu kijiji cha watu wa milimani kiitwacho Dogpatch, nayo shule ziliifahamu hata kabla ya kuwako mchezo. Mwaka 1937 Al Capp alibuni siku ambayo wasichana wa kijiji huwafukuza wavulana mbio ili wapate waume, na haikuchukua muda shule na vyuo vikaanza kufanya dansi ambazo wasichana ndio wanaowaalika wavulana. Katika mchezo, serikali inataka kujaribia mabomu ya nyuklia kijijini hapo, kwa kuwa imeamua kwamba hapana mahali pengine nchini pasipo na faida kama hapo. Ulionyeshwa mara 693 huko Broadway. Shule zenye wanafunzi wengi ziliupenda kwa sababu kijiji kizima kinahitaji watu: kila aliyetaka kuimba alipata pa kusimama. Walakini ilibidi katuni ivishwe kisa kikubwa kisichokuwa chake, pamoja na wachezaji wengi wa ngoma.

Aliyefuata njia nyingine alikuwa kijana Clark Gesner, aliyemaliza chuo kikuu cha Princeton mwaka 1960. Gesner alianza kutunga nyimbo juu ya watoto wa Schulz kabla ya kupewa idhini. Wenye katuni hawakumkubalia mwanzoni. Ndipo alipompelekea Schulz mwenyewe nyimbo hizo katika utepe, naye Schulz akazipenda. Mwaka 1966 zikatolewa katika sahani ya santuri, bila nia ya kuzifanya mchezo. Ni mwandaaji Arthur Whitelaw aliyeshikilia kwamba zinafaa jukwaani.

Hapa ndipo historia inapompa mwalimu jambo la kutafakari. Mazoezi yalipoanza, andishi la mchezo halikuwapo. Zilikuwapo nyimbo na zilikuwapo katuni. Mwelekezi Joseph Hardy na waigizaji 6 walizisoma katuni, wakazijaribu kwa sauti na kwa mwili, wakachagua zilizosimama na kuacha zilizoanguka, wakaziunga mpaka zikawa siku moja katika maisha ya Charlie Brown. Jina la mwandishi, John Gordon, lililowekwa katika mchezo huo halikuwa la mtu. Lilikuwa vazi la wote walioshiriki kuuandika, Gesner na wenziwe. Mchezo ukafunguliwa tarehe 7 Machi 1967 katika ukumbi mdogo wa Theatre 80 St. Marks, mjini New York, kwa jina la You're a Good Man, Charlie Brown. Gary Burghoff ndiye aliyekuwa Charlie Brown wa kwanza. Jukwaani palikuwa na maboksi makubwa ya rangi na vitu vichache tu. Ulionyeshwa hapo mara 1,597, hadi mwaka 1971. Ulipohamishiwa Broadway mwaka huohuo, haukudumu ila kwa maonyesho 32. Nyumba kubwa haikuufaa.

Shule, kinyume cha Broadway, zilikuwa nyumba yake. Waigizaji ni wachache, mapambo ni maboksi na benchi, na vyombo vya muziki ni vichache. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema habari za fedha tu. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mchezo huu unayajua mambo ya darasani. Liko onyesho moja ambalo mwalimu yeyote akiliona atacheka, kisha atanyamaza. Watoto wanne wameagizwa waandike insha ya maneno 100 juu ya kitabu cha sungura Peter, kilichoandikwa na Beatrix Potter. Lucy anaandika huku akihesabu maneno, na kazi yake yote ni kuifikia idadi. Schroeder anakichoka kisa cha sungura, anaingiza habari za Robin Hood apendazo yeye. Linus anachambua jamii na hali za watu kana kwamba anatetea shahada. Charlie Brown haandiki hata neno moja. Anahangaika na kutafuta sababu ya kungoja. Wanaimba wote kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake na mwendo wake, na hapohapo ndipo ustadi wa muziki unapoonekana. Je, nani kati yetu hajawahi kusahihisha madaftari hayo manne usiku mmoja?

Miaka 10 baadaye, tarehe 21 Aprili 1977, ulifunguliwa mchezo wa Annie, uliotokana na katuni ya Harold Gray iliyoanza mwaka 1924. Ulionyeshwa mara 2,377, nao shule huupenda hadi leo, hata umetengenezewa toleo fupi la watoto. Hapa pana kioja cha historia. Gray, aliyefariki mwaka 1968, aliichukia siasa ya Rais Roosevelt na hakuficha chuki hiyo katika katuni yake; lakini katika mchezo, Roosevelt ni mtu mwema anayetiwa moyo na wimbo wa yatima. Watunzi walimchukua msichana, mbwa wake na tajiri, wakaiacha rai ya mchoraji. Basi katuni inaweza kupandishwa jukwaani kwa kugeuzwa, au kwa kuachwa ilivyo. Gesner aliiacha ilivyo.

Hata hivyo, kuachwa ilivyo hakuna maana ya kwamba haikubadilika. Miongoni mwa watoto wa Schulz hapakuwa na mtoto Mweusi mpaka mwaka 1968. Mwezi Aprili mwaka huo, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia Schulz akimsihi aingize mtoto Mweusi katika kundi lile. Schulz alisita, akiogopa kuonekana anawatazama Weusi kutoka juu. Wakaandikiana, na tarehe 31 Julai 1968 akatokea Franklin, akimrudishia Charlie Brown mpira wake pwani. Franklin hakuwamo katika mchezo wa 1967. Lakini mchezo ulipofufuliwa Broadway mwaka 1999, Stanley Wayne Mathis, mwigizaji Mweusi, alikuwa Schroeder, na B. D. Wong, mwenye asili ya Kichina, alikuwa Linus. Katika ufufuo huo Patty aliondolewa, akaingizwa Sally, dada yake Charlie Brown, na Andrew Lippa akatunga nyimbo za kuongeza. Gazetini mtoto hukaa na sura aliyochorwa. Jukwaani yeyote mwenye sauti na moyo aweza kuwa yeye.

Tuseme machache kuhusu kuucheza, kwa faida ya wenzetu. Kwanza, shule haina budi kuomba idhini na kulipa ada kwa wenye haki, wala haina uhuru wa kubadili maneno itakavyo. Pili, kijana wa miaka 17 anayemwigiza mtoto wa miaka 6 hushawishika kubana sauti na kurukaruka. Huo ndio upotofu wa kwanza. Mtoto hajioni mtoto. Huyachukua mambo yake kwa uzito, na mwigizaji aseme maneno yake hivyohivyo, kwa unyofu, kicheko kije chenyewe. Tatu, katuni huishi kwa ile nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku. Jukwaani nafasi hiyo ni kimya. Mwanafunzi akijifunza kunyamaza pumzi moja kabla ya neno la mwisho, amejifunza jambo ambalo vitabu vyetu vya ufasaha hulitaja kwa nadra.

Nasi hatuna upungufu wa visanduku vyetu. Wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na wasomaji wa Uhuru nchini Tanzania walicheka na Chakubanga wa Christian Gregory. Lugha yao ilikuwa fupi, ya mtaani na sokoni, iliyofika moja kwa moja. Darasa lenye katuni chache zilizokatwa gazetini linaweza kufanya walivyofanya wale 6 wa mwaka 1967: kuzijaribu kwa sauti, kuchagua, kuunga na kuandika pamoja. Hiyo ni kazi ya lugha kamili, kusoma, kusema, kusikiliza na kuandika, na wala haihitaji pazia la mahameli.

Tumrudie sasa mwalimu aliyetuuliza. Karibu na mwisho wa mchezo, Charlie Brown anaokota penseli iliyoangushwa na yule msichana mwenye nywele nyekundu. Anaitazama, anaona alama za meno. Kumbe naye huitafuna penseli yake! Kumbe naye ni mtu! Mtoto aliyeshindwa mchana kutwa anafurahi kwa jambo dogo kama hilo, na ukumbi mzima unafurahi naye. Ndugu yetu, jukwaa la shule kwa kawaida ni la wenye sauti nzuri na alama za juu. Mchezo huu umemweka katikati yule asiyechaguliwa, na umetokana na mkono wa mwanafunzi ambaye michoro yake iliachwa nje ya kitabu cha shule. Ikiwa hiyo si elimu, basi na tuyafungue tena madaftari tuliyoyaweka kando, tuangalie pembezoni mwa kurasa, pale wanafunzi wetu wanapochora tukiwa tumewapa mgongo.